Maji Yanayobaki Kwenye Beseni

Hotuba kwa vikundi vya watengenezaji wa batiki, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa kikao, viongozi wa vikundi, dada zangu na kaka zangu mafundi wa batiki, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie njia za kutia rangi vitambaa vya pamba ambazo hazichafui sana mazingira. Walioniomba nadhani walitarajia nije na kikapu cha majani na magome, niwaambie kuwa tuachane na rangi za dukani na tuzirudie rangi za mababu. Magome nimekuja nayo na mtayaona, lakini hilo silo nililokuja kusema. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuchovya jora baada ya jora, siku hizi fundi akiniambia kuwa rangi yake ni rafiki wa mazingira, simwulizi imetoka kwenye mti gani wala kiwanda gani. Namwomba anionyeshe beseni lake baada ya kazi. Yaliyobaki mle, wingi wake, ukali wake na mahali yanapomwagwa, hayo ndiyo yanayoniambia kama ana haki ya kusema alichosema.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Zamani nilikuwa nikifanyia kazi uani, kwenye nyumba iliyo karibu na kijito kinachoingia Mto Msimbazi, na kila jioni nilikuwa nikimwaga maji ya rangi kwenye mfereji uliopita kando ya ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo bibi mmoja alikuwa na matuta yake ya mchicha, na sikuwa nimejiuliza mfereji ule unaishia wapi. Siku moja asubuhi alibisha hodi, akaweka kizingitini fungu la mchicha uliokauka ncha kama uliobabuliwa kwa moto, akaniambia, "Mwanangu, nguo zako nzuri, ila rangi yako naona mboga yangu ndiyo inayoinywa." Hakugomba. Angegomba ningejitetea na pengine nisingejifunza kitu.

Kilichoibabua mboga ile si rangi hasa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Rangi tunazotumia zaidi kwenye batiki, hizi za vati, haziyeyuki katika maji matupu. Ili ziingie kwenye uzi ni lazima kwanza zinyang'anywe oksijeni, na kazi hiyo hufanywa na unga wa kemikali uitwao haidrosi, ukisaidiwa na kostiki, dawa kali inayounguza. Zikishayeyuka na kupenya ndani ya uzi, tunaanika kitambaa, hewa inarudisha oksijeni, rangi inagoma tena kuyeyuka na kubaki imefungiwa humo humo. Ndiyo maana batiki iliyotengenezwa vizuri haichuji hata ikifuliwa mara mia. Uzuri huo una gharama yake kwenye beseni. Kostiki iliyobaki huunguza mimea na ngozi, na haidrosi iliyobaki huendelea na kazi yake ileile ya kunyang'anya oksijeni, safari hii kutoka kwenye maji ya mto, ambako samaki na wadudu wa majini wanaitegemea. Unaweza kumwaga maji yasiyo na rangi kabisa yakaleta madhara makubwa kuliko maji mekundu kama juisi ya rosela.

Mtasema, basi tuweke siki ili tupunguze ukali. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nilipokaa chini na kalamu. Beseni la lita 20 lenye gramu 200 za kostiki, kama kostiki hiyo yote bado imo, linahitaji takriban lita 6 za siki ya kawaida ya asilimia 5 ili litulie. Nani kati yetu atanunua lita 6 za siki kwa kila beseni? Kwa hiyo dawa ya kwanza, ambayo haina mbwembwe yoyote, ni mizani. Wengi tunapima kwa kijiko cha chakula na kwa macho, na macho ya fundi mwenye wasiwasi siku zote huongeza kidogo. Pima kitambaa kikiwa kikavu, pima rangi, pima kostiki na haidrosi kwa gramu, andika kwenye daftari, na kila mara punguza kidogo mpaka uone rangi imeanza kufifia. Hapo rudi hatua moja. Mimi nilipoanza kupima niligundua kwamba kwa miaka nilikuwa nikinunua dawa za kumwaga.

Dawa ya pili ni kutolitupa beseni baada ya chovya ya kwanza. Maji yaliyotia kitambaa bluu iliyokolea bado yanaweza kutia kitambaa kingine bluu ya anga, kwa haidrosi kidogo tu ya nyongeza. Yakishachoka kabisa, yakorogeni kwa upawa asubuhi na jioni siku mbili hivi, kwa kuyainua na kuyamimina ili yapate hewa. Haidrosi itaisha nguvu, na rangi iliyobaki itarudi kuwa chembe zisizoyeyuka na kutua chini kama tope. Maji ya juu yakitekwa taratibu yatakuwa hayana rangi wala kiu ya oksijeni, ingawa ukali wa kostiki bado utakuwamo na utautambua kwa karatasi ya litimasi. Tope likaushwe na kuhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Si la kumwagwa shambani wala la kuchezewa na watoto.

Sasa nije kwenye rangi za aina nyingine, zile zinazoitwa riaktivu, ambazo ndizo zinazotumika zaidi viwandani kwa nguo za pamba na ambazo vijana wengi wa vikundi vyetu wameanza kuzipenda kwa sababu zinang'aa na hazihitaji haidrosi. Zilivumbuliwa Uingereza katika miaka ya 1950, na kazi yake ni tofauti kabisa: haziingii uzini na kufungiwa humo, bali zinashikana na uzi wenyewe zikawa kitu kimoja. Hazina harufu mbaya na hazitaki kostiki kali, zinatosheka na soda ashi, unga usio mkali kama kostiki. Kasoro yake ni chumvi. Pamba ikilowa na rangi hizi zikiyeyuka, vyote viwili vina chaji ya aina moja na hukimbiana, kwa hiyo tunatia chumvi ya kuvilazimisha vikaribiane. Chukua kilo 1 ya kitambaa katika lita 20 za maji, weka gramu 50 za chumvi kwa kila lita kama maelekezo mengi yanavyosema, nawe utakuwa umetumia kilo 1 nzima ya chumvi. Chumvi sawa na kitambaa! Na yote inabaki kwenye maji, haiendi na nguo hata chembe. Pamoja nayo inabaki sehemu ya rangi yenyewe, kwa sababu baadhi yake hushikana na maji kabla haijaufikia uzi, na ikishashikana na maji imeharibika. Haitashika kitambaa tena hata ukiiongezea nini.

Chumvi ni adui asiye na haraka. Haiozi, haichujwi na mchanga, haiondolewi na shabu. Mji wa Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu kule India, ambao unaishi kwa kutengeneza fulana za pamba za kuuza nje, ulijifunza jambo hilo kwa uchungu. Maji ya viwanda vyake vya kutia rangi yaliingia Mto Noyyal, na bwawa la Orathupalayam, lililokamilika mwaka 1992 kwa ajili ya kumwagilia mashamba, likageuka kuwa birika la kukusanya chumvi na rangi ya mji mzima. Wakulima wa chini ya mto walikwenda mahakamani, kesi ikachukua miaka mingi, na Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya kutia rangi na kupausha, takriban 700, vifungwe. Vilivyofunguliwa baadaye vilitakiwa visitoe hata tone moja nje: maji huchujwa kwa tando nyembamba mno, yanayobaki huchemshwa mpaka chumvi ikauke, chumvi ikarudishwa kazini. Inawezekana, na wanafanya, lakini gharama ya umeme na kuni za kuchemshia ni kubwa kiasi kwamba sitathubutu kuwashauri ninyi jambo hilo. Nimewasimulia ili mjue kuwa chumvi ikishaingia majini, kuitoa ni kazi ya mji mzima na mahakama yake, wakati kutoiweka tangu mwanzo ni kazi ya mtu mmoja mwenye karatasi ya nailoni.

Karatasi ya nailoni ndiyo njia yenyewe. Viwandani kuna utaratibu ambao jora hupitishwa kwenye rangi iliyochanganywa na soda, likakamuliwa kati ya roli mbili mpaka libaki na majimaji pungufu ya uzito wake, kisha likaviringishwa, likafunikwa nailoni na kuachwa lizunguke polepole bila kupashwa moto kwa saa 8 hadi 24. Kwa kuwa maji ni kidogo, rangi haina mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye uzi, na chumvi haihitajiki kabisa. Sisi tunaweza kufanya vilevile kwa mikono. Loweka kitambaa kwenye maji ya soda, kikamue sana, tia rangi iliyoyeyushwa kwa maji machache kwa brashi au sponji, kisha kizungushie nailoni na ukiache mpaka kesho yake. Joto letu la Dar es Salaam, ambalo tunalilalamikia kwa mambo mengine yote, hapa linatufanyia kazi ya jiko, na nta yako haiyeyuki kwa kuwa hakuna moto. Jambo moja tu: rangi na soda vikutane dakika ya mwisho, kwa sababu vikikaa pamoja ndooni rangi huanza kuharibika hapo hapo.

Kuhusu soda, watu huniuliza kama magadi ya jikoni yanafaa. Yanafaa, lakini ni dhaifu. Magadi ya mawe yanayochimbwa kwenye maziwa yetu ya bonde la ufa yana soda iliyochanganyika na hewa ya ukaa na maji, na yakichomwa hayo huruka ndipo inapatikana soda ashi yenye nguvu, kama hiyo inayotengenezwa Magadi, Kenya. Ukitumia ya jikoni, zidisha kipimo na jaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Sitaacha kusema juu ya kusuuza, kwa sababu huko ndiko maji mengi yanakoishia na huko ndiko tunakodhani tuko safi. Tuseme kitambaa kilichokamuliwa kimebaki na lita 1 ya maji machafu. Ukikitia kwenye pipa lenye lita 27 na kukikamua, uchafu unaotoka nacho ni sehemu 1 ya 28. Ukizigawa lita hizo hizo 27 katika mabeseni matatu ya lita 9, ukakipitisha kimoja baada ya kingine na kukikamua kila mara, uchafu unaobaki ni sehemu 1 ya 1,000. Maji ni yale yale, tofauti ni mabeseni na mikono. Na kitambaa cha pili kikija, beseni la tatu, ambalo bado ni karibu safi, lisogezwe kuwa la pili, la pili liwe la kwanza, na la kwanza peke yake ndilo limwagwe. Kitambaa kinakwenda mbele, maji yanarudi nyuma. Nilipowaonyesha wasichana wangu wa kazi hesabu hii walinicheka kwamba nimegeuka mwalimu, lakini bili ya maji ya mwezi uliofuata haikucheka.

Nirudi sasa kwenye kikapu cha magome. Tunayo historia nzuri ya rangi za asili na sina nia ya kuidharau. Kaniki waliyovaa bibi zetu ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili, ile bluu iliyokolea ya mmea, na kule Kano, Nigeria, mashimo ya kutia nili ya Kofar Mata, ambayo wenyeji husema yalianza mwaka 1498, bado yanafanya kazi kwa majivu, nili na uvumilivu. Lakini pamba si sufu ya kondoo. Rangi nyingi za mimea hazishiki pamba mpaka itayarishwe kwa tanini, yaani ule ukakasi wa magome na maganda, kisha kwa shabu, na hapo maswali huanza. Tanini ya pwani tunayoijua ni ya mkandaa, yaani gome la mikoko, na mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi. Fundi anayebandua gome la mkandaa ili auze nguo ya "asili" ameua mazalia ya kamba ili apate kahawia. Tumieni gome la miwati, ambayo inapandwa Njombe na Lushoto na kuvunwa kama zao, au maganda ya komamanga, au majani ya mkungu yanayoanguka yenyewe na kufagiliwa kila asubuhi. Shabu haina shida kubwa ikipimwa, asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa kitambaa. Mrututu, ambao baadhi yetu tunautumia kupata kijani, ni shaba, na shaba majini ni sumu kwa samaki, uacheni. Na ile dawa ya kromu inayopendekezwa kwenye vitabu vya zamani msiiguse kabisa.

Halafu kuna kuni. Rangi ya mmea mara nyingi hutaka malighafi yenye uzito sawa na kitambaa au zaidi, ichemshwe saa nzima, ichujwe, kisha kitambaa kichemshwe tena. Kama moto huo ni mkaa wa msitu wa Pwani, sioni tumemfanyia nani urafiki. Na kama rangi yenyewe ni ya bizari ya manjano, ambayo inapendeza mno siku ya kwanza, jua la wiki chache litaipausha mpaka mteja adhani umemwibia. Nguo inayotupwa upesi nayo ni uchafu.

Katika rangi za mimea, moja ninayoisimamia bila kusita ni nili, na sababu yake itawashangaza. Nili ya mmea na nili ya kiwandani, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897, zikishakuwa unga rangi iliyomo ndani ni kitu kilekile kikemia. Utengenezaji wake kiwandani una sumu zake, hilo nalikubali, lakini uani kwetu tofauti haitokani na nili bali na kile tunachokitumia kuiyeyusha. Ukiiyeyusha kwa haidrosi na kostiki, umerudi kwenye mchicha wa yule bibi. Ukiiyeyusha kwa chokaa na sukari ya matunda, umepata beseni la aina nyingine: kwa uzito, nili 1, chokaa 2, sukari ya matunda 3, katika maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida. Sukari hiyo inaweza kuwa ya dukani, na inaweza kuwa mchuzi wa tende au wa ndizi mbivu zilizopitiliza ambazo muuza matunda anazitupa. Sukari ndiyo inayonyang'anya oksijeni badala ya haidrosi, polepole zaidi, na beseni hilo hudumu wiki kadhaa ukililisha matunda na chokaa kidogo. Mwisho wake ni tope la chokaa, ambalo ukali wake hupungua likikaa hewani. Glavu bado ni lazima. Chokaa nayo inauma.

Neno fupi kuhusu rangi za vifuko visivyo na jina. Zipo rangi za jamii ya azo ambazo zikivunjika hutoa kemikali zinazosababisha saratani, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye nguo kwa agizo la mwaka 2002, kiwango cha mwisho kikiwa miligramu 30 kwa kilo. Si rangi zote za azo ziko hivyo, ila kwa macho huwezi kuzitofautisha. Muuzaji asiyeweza kukupa jina la rangi na karatasi ya maelezo ya usalama, mwache na kifuko chake. Nimewahi kurudishiwa mzigo mzima kwa sababu nilishindwa kumjibu mnunuzi swali moja tu: rangi hii inaitwaje?

Nta sina haja ya kuieleza, kwa kuwa wote mnaichemsha, mnaisubiri ielee na kuganda, na kuitumia tena; katika jambo hilo batiki imewatangulia wengi.

Ndugu zangu, huko uani nimepanga mabeseni matatu ya kusuuza, na pembeni lipo pipa la nili nililolianzisha jana kwa ndizi mbivu za mama anayeuza hapo getini. Nimelifunua kabla sijaingia humu: juu lina utando wa rangi ya shaba, na ukiusogeza, maji ya chini ni ya manjano yanayoelekea kijani, kumaanisha liko tayari. Vikundi viwili vya kwanza vije na vitambaa vyao vikiwa vimelowa na kukamuliwa. Tutavizamisha taratibu ili tusiingize hewa, dakika tano, na tukivitoa vitakuwa kijani. Msishtuke, wala msiongeze kitu. Glavu ziko kwenye meza, mizani iko karibu na mlango, na daftari ninalo mimi.